Kaza Mpaka Ilie

Malaba, Jumanne 9 Septemba 2025

Dada Roselida,

Salamu kutoka mpakani. Sisi tuko, malori pia iko, foleni imefika mpaka choo ya kanisa. Mguu yako iliacha kuuma? Mama huko Moding anasema hiyo ni baridi ya Nairobi, eti ukande na maji ya chumvi.

Sasa kaa chini. Nimenunua baiskeli. Si hizi Mamba nzito za chuma za kubeba mahindi. Ni ile ya resi, ya mzungu mmoja alikuwa anazunguka nayo Afrika, kufika hapa Malaba kiuno ikakataa. Nimempatia elfu sabini na jogoo. Jogoo akarudisha. Unaibeba na kidole moja! Ni ya mdogo wetu Sydney. Jumapili kuna mashindano, Bumala mpaka Busia, na kuna watu wa timu wanakuja kuchagua kijana mmoja tu.

Lakini wewe unafagia kwa duka ya baiskeli, nieleze. Nimeangalia bei ya hizi kitu kwa simu nikataka kuzimia. Unga imepanda, sawa. Hizi nazo zinapanda zikifuata nani?

Kaka yako mrembo,
Barnabas

Nairobi, Jumatano 10 Septemba

Kaka Barnabas,

Nashukuru mko wazima. Mguu unatembea. Jogoo naye apewe pole.

Nimeuliza Quinton, fundi wetu hapa. Anasema alipoanza kazi, miaka kumi imepita, ile ya juu kabisa ilikuwa laki saba. Leo ni milioni moja na nusu. Unga ilitoka mia na kumi ikafika mia na hamsini tu. Eti zamani ilikuwa chuma na waya. Siku hizi ni kaboni, nyuzi nyembamba kuliko nywele, watu wanazibandika na gundi kwa mikono. Gia ni za betri, na wanaozitengeneza ni wachache, wanajipangia bei. Halafu wakati wa korona kila tajiri alitaka baiskeli. Bei ikapanda, ikaona huko juu kuna hewa nzuri. Tena wateja wetu hawaulizi. Juzi mmoja amenunua mbili, moja ya kuendesha, moja ya kuangalia.

Lakini kitu kimoja kilinishtua. Zingine zinapigwa picha kama mfupa hospitalini, kutafuta ufa wa ndani. Chuma ikitaka kuvunjika inapinda kwanza, inakuonya. Hii haipindi. Hiyo yako, nani ameipiga picha?

Dada yako,
Roselida

Malaba, Jumamosi 13 Septemba

Dada,

Umeamkaje? Huku ni jua na vumbi, bora uhai. Picha tumepiga! Sydney ako katikati na kaptula ya kubana, mpaka Mama akageuka kuangalia ukuta.

Jana fundi Okwi ameshughulikia usukani, ilikuwa inacheza. Unamjua Okwi, ametengeneza baiskeli tangu wakati Mamba zilikuwa zinavusha watu mpaka. Sheria yake ni moja: kaza mpaka ilie. Kando ya skrubu wameandika 5. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni saizi ya kiatu ya fundi." Akaweka spana, akachomeka bomba kwa spana, akakaza. Kimya. Akaongeza. Krak! Ikalia vizuri, nikampigia makofi. Sasa hata fahali haiwezi kuisongesha.

Kesho nafunga simu yangu kwa usukani ya Sydney, ihesabu spidi. Usipige, utamchanganya kwa mteremko.

Kaka wa bingwa,
Barnabas

Nairobi, Jumapili 14 Septemba, saa nne asubuhi

Kaka,

Leo sina salamu. Simu yangu iliingia kwa ndoo jana, imewaka sasa hivi, ndio nasoma yako. Sydney asipande! Nimemwamsha Quinton. Hiyo 5 ndiyo mwisho wa kukaza. Wao wana spana ya kipimo, ikifika tano inaachilia yenyewe. Ukipita hapo kaboni inapasuka ndani, na nje rangi inabaki inang'aa. Ile krak ndiyo kuvunjika, Barnabas.

Umesema nisipige. Nikipiga na Sydney yuko mteremkoni, ataangalia chini. Nisipopiga, hajui. Mama hapatikani.

Napiga.

Roselida

Saa tano na nusu

Dada Roselida,

Pole sana. Hatujuani. Mimi ni Mama Zilpa, nauza ndizi hapa mteremko unapoishia. Kaka yako amenifungulia simu yake nikuandikie, yeye hataki kumwachilia kijana. Alikuwa anafuata nyuma na pikipiki.

Kijana alikuwa mbele ya wote. Tulikuwa tumesimama tunamshangilia. Usukani ukabaki kwa mikono yake, baiskeli ikaenda na njia yake. Anapumua, lakini macho hafungui. Tunangoja gari ya kumpeleka hospitali. Simu ilirukia kwa majani, tumeipata kwa kufuata mlio. Naona umepiga mara kumi na nne.

Nimemuuliza kaka yako, nimwambie nini dada? Ameweka kichwa cha mdogo wenu kwa magoti yake, anarudia neno moja tu: "Ililia, mama. Ilituambia. Mimi nikapiga makofi."

Mama yenu wa barabarani,
Zilpa