Jumuiya Imekuja Nyumbani Kwako, Mama

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeanza hivyo kwa sababu nikianza vingine ungenirudisha mlangoni niingie upya. Shikamoo pia. Najua ungetaka kwanza habari za Baba, halafu za mbuzi, ndipo niseme kilichonileta. Baba mzima. Mbuzi wazima. Kilichonileta ni hasira, na safari hii tafadhali usiniambie nikanawe uso.

Barua hii nimeiahirisha tangu tulipokuzika. Kila nikikaa hapa Nyasubi, mjini Kahama, cherehani pembeni, nikishaandika "Mama" mkono unakataa. Watu wanategemea neno linalofuata liwe "pumzika kwa amani," na mimi siku ile sikuona amani yoyote. Wewe ulikuwa umelala ndani ya sanduku, hukuona kilichotokea. Ngoja nikusimulie, maana nadhani una haki ya kujua ulivyozikwa.

Katekista alikuja. Alifika mpaka kwenye uzio wa minyaa, akasimama na baiskeli yake, hakuingia. Akamwita Baba kando. Nikawafuata, unanijua. Alisema huku anaangalia tairi: uongozi wa jumuiya umemweleza kwamba marehemu alikuwa hasali jumuiya, kwa hiyo hawezi kuendesha ibada ya mazishi, utaratibu ndio huo, tumwelewe. Marehemu! Mtu aliyekuwa anakaa kwenye benchi lako anapuliza uji wako na kukuita Mama Minza, leo anakuita marehemu asiyesali. Baba akamuuliza kama padre anajua. Akajibu kuwa padre yuko mbali na jumuiya ndiyo inayowajua watu wake. Kisha akapanda baiskeli akaondoka, msiba mzima unamtazama mgongo.

Mama Pendo, mwenyekiti wao, hakuja. Wale kina mama uliokuwa unaimba nao kwenye misiba ya watu, wewe ndiye unaanzisha wimbo na wao wanapokea, hawakuja. Walikatazwa, na walikubali kukatazwa. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Jirani mmoja alikuja jioni kwa kujificha, akanishika mkono akasema ni mpango wa Mungu. Nikamwambia Mungu hakupanga kikao kile cha kukukataa, amuulize Mama Pendo. Hakurudi tena.

Unajua nani alikuzika? Wanaapolo wako. Wale wachimbaji waliokuwa wanakula kwako wakitoka mashimoni waliacha kazi wote wakaja na sururu zao. Kaburi lako, Mama, limechimbwa na watu wanaojua kuchimba. Kuta zake zimenyooka mpaka Baba alizipapasa. Juma, ambaye ni Mwislamu, ndiye aliyeshuka chini kukupokea. Na kwa kuwa hapakuwa na wa kusali, Baba alisali mwenyewe, Baba Yetu, kwa Kisukuma. Mzee wa ng'ombe yule, aliyekuwa anaingia kanisani Krismasi na Pasaka tu kwa sababu umemfulia kanzu. Alikwama pale pa kusamehe. Akaanza upya, akakwama palepale. Wachimbaji wakammalizia kwa Kiswahili, tukarudishia udongo.

Mimi naomba mtu mmoja anieleze kosa lako. Jumuiya inasali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili asubuhi ndiyo zamu ya usiku inapanda kutoka chini, watu wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wana njaa, na kwenye njia yao yote palikuwa na moto mmoja tu, wako. Uliwaomba wasogeze sala iwe alasiri, hata kwa zamu. Nilikuwepo. Mama Pendo alikujibu mbele ya watu kwamba jumuiya haipangwi na sufuria ya mtu. Ukacheka, ukasema sawa, Mama Pendo. Mimi nilikasirika kwa niaba yako na wewe ukanituma kuni.

Wanasema ulikuwa husali. Mama, wewe ulikuwa unachambua maharage huku midomo inatembea, na mtu akikuuliza bei ya chapati unamwonyesha kwa vidole ili usikatishe Salamu Maria. Mchimbaji aliyetoka mikono mitupu ulimpa sahani kama ya mwenzake, ukamwambia akae, asile amesimama kama mwizi. Yesu, kama nilifundishwa vizuri, baada ya kufufuka aliwakuta wanafunzi wake alfajiri ufukweni, wamekesha ziwani bila kitu, na yeye alikuwa ameshawawashia moto wa kuchoma samaki. Hakuwauliza kama wamehudhuria. Aliwaita waje wale. Nilitaka kumwambia katekista maneno haya na yote yalinijia baada ya baiskeli kupotea.

Basi nikaapa kwamba imetosha. Hapa Nyasubi kuna makanisa ya kila aina, mengine yana spika mpaka usingizi haupatikani, na yote yananikaribisha. Nikakaa Jumapili kadhaa bila kwenda popote. Nilikuwa napiga pasi, nguo za wateja na zangu, na sikusali. Nilimwambia Mungu tutaongea watu wake wakipata adabu.

Halafu Baba akanipigia simu akaniambia anakwenda jumuiya. Nilidhani sijasikia vizuri. Anakwenda kila Jumamosi, Mama, saa kumi na mbili, amevaa lile koti la harusi ya shangazi, amebeba kigoda chake mwenyewe kwa sababu hataki kukaa kwenye benchi lao. Nikawaka. Nikamuuliza anakwenda kufanya nini kwa watu waliokukataa, kwani hana aibu. Akaniita mama kwa Kisukuma, kama anavyoniita siku zote: "Mayu, walisema Mama Minza haonekani. Naenda kukaa pale alipokosekana."

Na kukaa tu hakukumtosha. Wakifika kwenye maombi, kila mtu anapotaja nia yake, Baba anasimama. Kila Jumamosi anasema nia ileile: "Namwombea mke wangu, ambaye jumuiya hii ilikataa kumzika. Ee Bwana." Na wao, kwa kuwa ndiyo sala, lazima waitikie wote, "Twakuomba utusikie." Mama Pendo pia. Aliponiambia hilo nilicheka mpaka nikalia, na nilipomaliza kulia niligundua kuwa nimekaa chini sakafuni. Sikujua kama Baba ana kichwa kigumu hivyo. Miaka yote nilidhani nimekitoa kwako.

Sasa unajua jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba. Ikawa zamu yetu. Baba alidhani wataturuka, na mimi nilikuwa naombea waturuke ili niwe na la kusema. Hawakuturuka, sijui kwa woga au kwa aibu. Nikafunga cherehani Ijumaa, nikapanda basi Kahama, nikamalizia kwa bodaboda, vumbi lote la Bulyanhulu liko mdomoni mwangu, nimeapa kwamba sitafagia uwanja kwa ajili ya watu wale. Nikakuta Baba ameshafagia. Na mabenchi aliyoazima hakuyapanga barazani. Aliyapanga kuzunguka kaburi lako.

Walifika kumi na mbili kamili, Mama Pendo mbele na kitenge chake cha jumuiya, katekista nyuma na baiskeli yake. Alipoona mabenchi akasimama. Akasema, "Baba Minza, kwa kawaida tunasali barazani." Baba akamjibu, "Baraza yangu ni hapa." Wakakaa, watafanya nini. Mbele yao msalaba ambao Baba aliuchonga mwenyewe kwa mti alioletewa na wanaapolo, mti uleule wanaoegemezea kuta za mashimo zisiwaangukie, na haujawahi kubarikiwa na mtu. Mama Pendo akafungua kitabu. Baba akamwambia, kwa adabu kabisa, afunge kwanza. Uji bado, na watu wa zamu hawajafika.

Walingoja, Mama. Jua likapanda wakiwa wamekaa pale na vitabu magotini. Mama Pendo aliangalia saa, Baba akamwambia Mungu yuko hapahapa haondoki. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji niliokuwa nimeapa sitaukoroga, na nakiri nilifurahi, furaha mbaya. Kisha wanaapolo wakaja na matope yao. Wakala. Walipomaliza hawakuondoka, wakakaa chini kwenye udongo, Juma akiwemo, na Baba akamwashiria Mama Pendo kwamba sasa anaweza kuanza.

Alianza sauti haipo. Akachagua wimbo wa misibani, ukakwama kwa sababu wewe ndiye mwanzishaji, na mchimbaji mmoja aliyekuwa mwanakwaya kwao Kigoma akauokoa. Baada ya Injili katekista aliinuka na chupa ya maji ya baraka, kama wanavyofanya kwenye nyumba waliyoitembelea. Alinyunyiza mlangoni. Alinyunyiza ukutani. Halafu alisimama mbele yako, na hakuna aliyemwambia kitu, hata Baba. Kisha akakunyunyizia, kaburi lote, na msalaba, mpaka chupa ikaisha. Nilitaka kumchukia na nikashindwa, nikamchukia kidogo tu.

Ikafika nia. Baba akasimama, na wote wakainamisha vichwa kungoja kipigo chao cha Jumamosi. Baba alikohoa. Akasema, "Leo namwombea Mama Pendo na jumuiya hii. Mke wangu ameshazikwa. Ee Bwana."

Waliitikia wote. Nilimwona Juma naye midomo inacheza. Mama Pendo alijifunika uso na kitenge, mabega yanaruka, na kina mama wale wakaanza kulia, kilio kile kilichotakiwa kiwepo siku ya mazishi, kimekuja kimechelewa. Mtu mmoja tu hakuitikia, na ni mimi. Nilijaribu, Mama.

Baadaye Mama Pendo alinifuata jikoni. Mwanamke yule anayenyoosha shingo hata anapochota maji alisimama mlangoni pako ameinama, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Mama yako alinilisha, nami nikamnyima wimbo." Alikuwa analia kweli, si wa kuigiza, ningejua. Nikachota uji nikampa. Nikamwambia, "Ni wa moto, Mama Pendo." Basi. Hicho ndicho nilichoweza. Aliomba msamaha nikampa uji, kitu ambacho hakukiomba. Wewe ungempa vyote viwili, na huo msamaha ungempa kabla hajamaliza kuomba. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote, kwamba hata kwenye hili umeniacha na kipimo chako.

Naamini utafufuka. Jumapili zile nilipokuwa napiga pasi na kumnunia Mungu nilikuwa naamini vilevile, ndiyo maana nilimnunia, mtu hawezi kumnunia asiyekuwepo. Kwa hiyo nakuahidi. Jumamosi moja kila mwezi nitafunga cherehani nije nikoroge uji, maana Baba anauunguza. Nitakaa kwenye jumuiya ile, mbele ya Mama Pendo, na nitaendelea kukaa mpaka siku nitakapoweza kumjibu lile aliloniomba. Sijui ni lini. Sitadanganya ili nionekane mwema.

Sasa nathubutu kuliandika lile neno. Pumzika kwa amani, Mama. Mimi bado nina kazi ya kufanya na Mama Pendo.

Wabeja, mayu. Asante, Mama.

Minza wako