Kaka, Pedali Haikuwa Nzima

Mpendwa kaka Ekai,

Ejok, nakusalimu kwa lugha yetu. Sijui kama barua hii itakukuta Juba au mahali pengine, maana tangu uvuke Lokichoggio hujatuma neno. Dereva mmoja uliyefanya naye kazi Kakuma aliniambia amekuona mara moja tu, ukiendesha lori la maji, na kwamba umekonda. Kama u mzima, namshukuru Mungu. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote, ingawa mengine nitakayoyasema hapa ni machungu.

Naanza na siku ninayoipenda, usije ukadhani nimesahau mema yako.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka 2012, miezi michache baada ya kumzika Baba. Ulikuja Lodwar likizo, tukakubaliana kumpeleka Mama Kalokol akale samaki, kwa sababu tangu msiba alikuwa hali vizuri. Pikapu ya Baba ilikuwa imekaa uani tangu alipougua. Ile pikapu ilituzidi umri sisi sote wawili. Mapadre waliomwajiri walimwachia siku aliyostaafu. Ulipoiwasha iliitika, lakini pedali ya mafuta ilikuwa inachezacheza. Baba alikuwa ameizoea, akiikanyaga kwa upande wa kidole gumba, wala hakuna mwingine aliyejua ugonjwa wake.

Mabega yako hayakupenya chini ya usukani. Nikalala mimi chali pale sakafuni, kichwa ndani, miguu ikining'inia mlangoni, wewe ukinimulikia tochi. Uliniambia niitikise nikuambie inacheza wapi. Nikakuambia inacheza pale mzizi wake unaposhikwa na pini. Ukapenyeza mkono, ukaipapasa, ukasema pini imelika ikawa nyembamba na tundu limepanuka, na siku moja pedali itahama mahali pake. Hatukuwa na pini nyingine. Ukakata waya, nikaupitisha na kuukaza kwa plaisi huku vumbi la miaka yote ya Baba likinidondokea mdomoni. Ulipoona nimemaliza, uliniambia maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi mwaka huu.

“Waya huu ni wa kutufikisha na kuturudisha leo tu, Akiru. Hii pedali inataka pini yake.”

Tulikwenda polepole mpaka ziwani, tukala samaki wa kukaanga karibu na maboti, na Mama akala kichwa na mkia. Wakati wa kurudi ulinipa usukani, ukakaa nyuma pamoja na ndoo ya samaki. Tulipofika nyumbani uliniambia kwamba naendesha kama Baba. Mimi ni mwalimu wa chekechea, kaka. Watoto huniambia mambo mengi matamu kila siku, lakini hilo lako nililibeba kama cheti.

Agosti nilipokwenda Kitale kwa semina ya walimu, nilikuwa na ile pini iliyolika ndani ya mkoba. Wenzangu walikwenda kununua viatu, mimi nikazunguka maduka ya vipuri nikiwaonyesha watu kipande cha chuma. Wengi walinicheka. Mzee mmoja ndiye aliyepanda ngazi, akashusha katoni iliyojaa vitu vya magari ya zamani, akachakura hadi akaipata: pini mpya, na bushi yake, ile pete inayoishika tunduni, zimefungwa pamoja katika karatasi yenye grisi. Gari ulikuwa umelichukua wewe kwenda nalo kazini Kakuma, kwa hiyo nikakutumia kwa basi. Baada ya siku mbili ulinipigia simu.

“Nimeifunga mwenyewe,” ulisema. “Sasa imetulia kama mpya.”

Desemba ulikuja nayo Lodwar ukaiacha uani, wewe ukarudi Kakuma na gari la kazini. Ulitaka nimlete Mama kwa Mjomba Lokol hapo Kakuma tusherehekee Krismasi pamoja, ya pili bila Baba. Kabla hujaondoka nilikuuliza tena kuhusu pedali. Ulinijibu kwamba pini ipo, nisiwe na wasiwasi. Sikuinama kuangalia. Wewe ndiye mwenye leseni ya magari makubwa, na wewe ndiye kaka yangu. Ningeinama kutafuta nini?

Tuliondoka asubuhi mapema. Mama alikaa mbele kando yangu, kuku wawili miguuni pake, akisimulia habari za dada zake wa Kaikor. Barabara unaijua ilivyo, imekatika vipande, kwa hiyo sikukimbia. Tulikuwa tumebakiza mwendo mfupi kufika Kakuma tuliposhuka kwenye ile laga kubwa, ule mto mkavu wenye mawe ukingoni. Nilipoondoa mguu ili gari lipungue, injini haikupungua. Ilizidi kunguruma. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na gari likaendelea kusukuma huku likiyumba. Sasa najua ningekanyaga klachi, au ningezima swichi. Wakati ule sikujua lolote isipokuwa breki. Tulikwenda na mchanga, tukagonga mawe, na Mama akarushwa mlangoni. Sikumsikia akilia. Nilisikia kuku tu.

Watu wa lori lililotufuata walimtoa na kumlaza kwenye kivuli. Nikakupigia. Ulifika upesi, na hapo ndipo pana jambo ambalo sikulielewa hadi baadaye. Kabla hujaja kwa Mama, ulikwenda kwanza upande wa dereva, ukainama, mkono wako ukaingia chini ya usukani. Nilidhani unauchukua mkoba wangu.

Niliwaambia watu kwamba niliondoa mguu na gari likazidi kwenda. Ukawaita waje waone. Uliibonyeza pedali kwa mkono, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara ilirudi juu vizuri.

“Pedali ni nzima,” uliwaambia. “Dada yangu aliogopa, akakanyaga mafuta akidhani ni breki. Hutokea.”

Ulisema kwa upole sana, kaka. Kama ungenifokea, huenda ningebisha. Lakini ulinishika bega, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma, na mimi nikaanza kuutazama mguu wangu wa kulia kama mguu wa mtu mwingine.

Mama alikuwa amevunjika nyonga. Wakati alipokuwa bado kitandani hospitalini, ulikusanya watu nyumbani kwa Mjomba: shangazi, majirani, na yule mchungaji wa kanisa lao. Ulisema kama mkubwa wa nyumba unaona ni vizuri niombe msamaha, ili jambo lisibaki rohoni. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mbele ya watu wote wale, nikasema nimemuumiza mama yangu kwa uzembe. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani. Shangazi akalia. Nilipoinua macho nilikuona umesimama karibu na mlango, ukiangalia nje. Nikadhani unaficha machozi.

Miezi iliyofuata ulikuwa ukituma salamu na unga na sukumawiki iliyokaushwa, na kila simu ulinikumbusha nisijilaumu sana. Nilimwosha Mama, nikamgeuza, nikamfundisha kutembea na fimbo. Mjomba alikuwa ameivutisha pikapu hadi Lodwar, na mbuzi wa jirani wakawa wanalala chini yake. Sikuigusa. Nilipokuwa nikipita barabarani na gari likanguruma nyuma yangu, nilikuwa nasimama mpaka lipite. Mwalimu mwenzangu akinipa lifti nilikaa nyuma na kufumba macho. Shuleni, watoto walipocheza mchezo wa madereva, nilikuwa naingia darasani.

Kilichonirudisha kwenye lile gari ni nyonga ya Mama. Katikati ya mwaka huu wa 2013 alitakiwa kuonwa na daktari kila baada ya wiki mbili, na pikipiki zilimwumiza. Fundi mmoja alininyooshea bampa na kubadilisha taa. Akaniambia injini haina neno. Jumamosi moja nilijiambia kwamba kama nitaendesha tena, lazima kwanza nilale pale chini kama siku ile nilipolala na wewe, nikijue kila kitu kwa mkono wangu. Nikachukua tochi, nikaingia.

Kaka, hapakuwa na pini. Palikuwa na waya. Si ule wangu wa Januari, kwa maana ule niliukaza kwa fundo la kushoto. Huu ulikuwa wa uzio, umezungushwa mara mbili, na pembeni umebanwa na kipande cha raba ya ndara ili usigongegonge. Niliibonyeza pedali kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kupanda mlima. Ikateleza upande, ile fimbo inayovuta kabureta ikanasa kwenye ukuta wa injini, na pedali ikabaki chini. Nikaiachia, haikurudi. Nikaisukuma kidogo kwa kidole, ikaruka juu. Kidole kimoja tu, Ekai. Hicho ndicho ulichofanya pale kwenye laga huku Mama amelala mchangani.

Nilipoinuka nililivuta kopo la maziwa la Baba lililo nyuma ya kiti, lile la misumari na nati. Pini niliyoinunua Kitale ilikuwa humo, bado katika karatasi yake. Hata grisi haikuwa imeguswa.

Nilikupigia siku hiyo hiyo. Nilikueleza nilichokiona. Sikukuuliza kwa nini hukuweka pini. Mtu huwa na haraka, mtu huahirisha, hata Baba aliahirisha. Nilikuuliza kwa nini uliniacha nipige magoti.

“Ningesema nini, Akiru?” ulinijibu. “Mimi ni dereva. Nani angenipa gari tena?”

Halafu ukaniomba nisimwambie Mama, ukisema utakuja tuongee. Hukuja. Kabla mwezi haujaisha nikasikia umevuka mpaka.

Nilifunga pini mwenyewe. Nilitoa waya, nikasafisha tundu, nikagonga bushi mpya taratibu kwa nyundo ndogo, nikapitisha pini, nikakunja ncha yake ili isitoke. Nikabadilisha na springi. Nilianza kwa kuizunguka nyumba, kisha hadi kanisani, kisha hadi daraja la Turkwel na kurudi. Siku ya kwanza na ya pili niliendesha peke yangu. Siku ya tatu nilimpakia Mama.

Sikuwa nimemwambia kitu. Niliheshimu ombi lako hata baada ya wewe kunitupa. Tulikuwa tumetoka kwa daktari, nimesimama chini ya mti nikingoja ng'ombe wapite barabarani, na Mama akawa anautazama mguu wangu. Akasema bila kuinua sauti:

“Siku ile pia ulikuwa hapo. Kwenye breki. Umekauka kama kuni.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza anasema siku gani. Akasema siku ya laga. Alikuwa ameinama kuwashika kuku, akauona mguu wangu ukiwa juu ya breki na pedali ya mafuta imelala chini peke yake, haina mtu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza mara mbili, kaka, kwa sababu mara ya kwanza alijifanya anafunga vizuri shuka lake.

“Ekai ana kazi,” alisema. “Na wewe ulikuwa unaweza kubeba.”

Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupita. Niliendesha hadi nyumbani, nikamshusha, nikamtengenezea chai, nikampa dawa zake. Nampenda Mama na nitamtunza. Lakini tangu siku hiyo nikimwinua kitandani, mikono yangu inafanya kazi na mimi mwenyewe nimesimama mbali. Ninyi wawili mlijua. Mmoja aliificha pedali, mwingine akauficha mguu wangu, na katikati yenu nikawa namwomba Mungu anisamehe jambo ambalo sikulifanya. Nilikuwa na watu wawili tu duniani ambao maneno yao siyapimi. Sasa napima maneno ya kila mtu, hata ya watoto wa chekechea wanaponiambia kwamba wameshanawa mikono.

Mama ameniomba yaishe kimya. Shangazi akisikia atalia, anasema, na jina la Baba litasemwa sokoni. Nimemsikiliza wiki nyingi. Jumapili iliyopita mchungaji alipita Lodwar, akaniona nashuka kwenye pikapu, akanipongeza kwamba Mungu amenitoa hofu na kwamba sasa nimejifunza kuwa makini. Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani nikatafuta karatasi.

Barua hii sikuifunga. Inaondoka kesho na dereva wa lori, na nimemwagiza apitie kwanza kwa Mjomba Lokol, aisome yeye na shangazi, kisha mchungaji, ndipo iendelee hadi Lokichoggio na huko uliko. Dereva naye akitaka kuisoma njiani, asome.

Sitaki utume kitu. Sitaki simu ya kuniambia nisijilaumu. Nenda salama kwenye barabara zako, na gari lolote utakalopewa, inama uangalie. Siku utakayorudi, usianzie kwangu wala kwa Mama. Anzia Kakuma. Sakafu ya saruji ya Mjomba ipo, na wale watu wote bado wako hai.

Ni mimi, dada yako mdogo,
Akiru
Lodwar