Jembe akaliita kijiko

Zawadi, uko? Upendo amerudi nyumbani hapa Yoba na Baba.

Walienda chuoni Upendo aulizie masomo ya kutibu matatizo ya usemi. Mwalimu, ili amwonyeshe Upendo kazi yenyewe, akampa Baba picha ya jembe aitaje. Baba akasema, "Kijiko."

Kijiko, Zawadi. Baba, mkulima wa Makebuko.

Mwalimu akamtania, "Mzee, ndiyo Kiswahili cha Tanzania hicho? Hapa Burundi hili ni jembe." Wakacheka, Baba naye akacheka. Upendo hakucheka. Akamwuliza tena polepole, kwa Kirundi. Baba akajibu, "Ikiyiko." Kijiko tena.

Marehemu Mama alianza hivyohivyo kule Muyinga, tukadhani anatania, mwishowe maneno yakamwisha kabisa.

Upendo alikuwa anasita kati ya masomo hayo na uhasibu. Sasa hasiti. Anaogopa tu kwamba Baba atanyamaza kabla yeye hajajifunza lolote.