Makaburi ya Gede Kabla ya Kaburi la Baba

Kangemi,
S.L.P. 1187,
Nairobi.

Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa dada Mercyline,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari ya Leicester, habari ya wodini, habari ya baridi? Natumaini ule mgongo uliokusumbua tangu Agosti umetulia, na kwamba wale wazee unaowahudumia wanakuachia nafasi ya kuketi. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Wifi yako Jacklyne bado anapika katika ile shule ya Loresho, na kila jioni ananiletea nyumbani harufu ya vitunguu vya watoto mia tatu. Mimi sina ugonjwa, ila tumbo limeanza kunitangulia. Nikipanga foleni benki, lenyewe ndilo linalohudumiwa kwanza. Mama ni mzima. Goti la kushoto linamsumbua na tunampeleka Parklands kila mwezi, lakini kichwa ni kilekile cha mwalimu wa darasa la nne.

Nimemaliza salamu. Sasa nikwambie kwamba nimekukasirikia, na leo ni siku ya tisa.

Nakuandikia karatasi badala ya kukupigia kwa sababu Mama amekataza simu. Alisema, "Ukimpigia utafoka, naye atasema mtandao unakatika, mtabaki hapo. Andika. Ukiandika utalazimika kumaliza sentensi." Basi nitazimaliza.

Unakumbuka ujumbe wako wa mwisho wa Septemba. Ulisema wewe na wenzako wanne wa kazini mtapanda meli ya watalii Cape Town, na kwamba itatia nanga Mombasa Jumanne tarehe 10 Februari, saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ukaniomba nikupangie siku hiyo. Ulitaka ile miji ya kale ya pwani iliyokuwa na watu miaka mia sita, mia saba iliyopita: Jumba la Mtwana pale Mtwapa, Mnarani ya Kilifi, halafu Gede kule karibu na Watamu. Ulieleza vizuri mpaka nikatamani kuwa mtalii. "Kaka, Gede kuna jumba la mfalme, msikiti mkuu, na makaburi ya nguzo ndani ya msitu. Nimesoma kila kitu."

Na chini kabisa, kama mtu anayesahau mwavuli mlangoni na kuurudia: "Usimwambie Mama. Napita tu, nitamuumiza bure. Ukipata nafasi njoo getini mwa bandari tusalimiane, uniletee dagaa wa nyumbani, omena kilo mbili."

Nikiri dhambi yangu kabla ya kuzihesabu zako. Nilifurahi. Hakuna mtu aliyeniomba kupanga jambo lolote tangu sherehe ya mwanangu Sammy kuhitimu, ambapo hema nililokodi lilikuja bila vyuma na wageni wakalishika kwa mikono mpaka mhubiri akamaliza. Kuambiwa na dada wa Uingereza "wewe ndiye unayejua mambo haya" kulinipanda kichwani. Nikakubali siri yako bila kuuliza swali, nikala na Mama meza moja wiki sita nikiwa na siri hiyo mdomoni pamoja na ugali.

Nilikwenda kwa Mwololo, yule tuliyesoma naye Ngara. Siku hizi ana magari mawili ya kubeba watalii huko Mombasa, na ofisi hapa mjini, orofa ya tano, nyuma ya barabara ya Tom Mboya, lifti haifanyi kazi. Nilifika nikihema kama niliyekimbizwa na kanjo, askari wa jiji. Akasoma orodha yako, akanitazama.

"Dalmas, huyu dada yako anataka kuiona hii miji, ama anataka kuipigia honi?"

"Wewe panga tu, bwana. Ni mtu wa haraka."

"Miji mitatu kwa siku moja, na daraja la Nyali asubuhi? Sawa. Mimi nitaendesha. Lakini Mama yenu atakaa kiti gani?"

Nikamwambia Mama haendi. Mwololo alikula kwetu Ngara miaka yote ya shule. Alitafuta kalamu muda mrefu sana, na ilikuwa sikioni mwake.

Sasa, unajua ukoo wetu. Sisi hatuwezi kuvuka barabara bila programu. Nikaingia katika duka langu la uchapishaji pale Ngara, nikaipiga chapa siku yako yote: maombi ya kufungua, kuondoka bandarini, Gede, Mnarani, Jumba la Mtwana, chakula, neno la shukrani, Dalmas na omena getini, maombi ya kufunga. Nikaweka na picha za magofu. Nikachapa nakala kumi, kwa nini kumi sijui, ni mkono tu uliozoea harusi. Sita zikatoka na michirizi myeusi kwa sababu ile printa inahitaji kuoshwa. Na karatasi zilizoharibika, kama kawaida yangu miaka yote, nikazibeba nyumbani za kuwashia jiko.

Cheka. Nakuruhusu. Mama hajawahi kuwasha jiko kwa karatasi ambayo hajaisoma.

Ijumaa ile nilifika saa kumi na mbili nikamkuta sebuleni, miwani puani, programu imenyooshwa juu ya stuli.

"Dalmas. Huyu Mercyline ni wa nani?"

"Mercyline gani, Mama?"

"Huyu wa saa mbili na nusu asubuhi, anayefunguliwa na maombi."

Mungu anisamehe, nilisema ni kazi ya mteja. "Si unajua Ngara, Mama. Akina Mercyline ni wengi."

"Na huyu Dalmas wa getini mwenye omena, naye ni wa mteja?"

Jikoni Jacklyne akaangusha sufuria. Usidhani ni mshtuko, alikuwa anazuia kicheko. Lakini Mama hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Alisema nisiambiwe?" Nikatazama viatu vyangu. Akasema, "Haya," akaikunja ile karatasi, akaingia chumbani bila kula. Siku tatu alizungumza nasi habari za sukuma wiki peke yake.

Siku hizo tatu ndizo zilizonikasirisha, Mercyline. Nitasema na usinikatize.

Baba alipofariki hukuja. Hakuna aliyekulaumu. Karatasi zako za ukaazi zilikuwa bado, ungetoka usingerudi, na watoto walikuwa shule. Kule nyumbani Yala, kwenye mazishi, watu walinong'ona, na Mama, mjane wa siku mbili, alisimama mbele ya hema akasema, "Mtoto wangu amefungwa na karatasi, hajafungwa na moyo." Nilikuwa nimemshika mkono.

Karatasi umepata tangu mwaka jana. Likizo ya kwanza umeipeleka melini. Utashuka katika nchi aliyolala baba yako, na utakwenda kupiga picha makaburi ya watu ambao hujui hata majina yao. Wale wa Gede wamesubiri miaka mia sita, Mercyline! Wangeshindwa kuongeza mwaka mmoja? Huyu wetu ana miaka mitatu tu, na kila tukifika Yala jirani anatuuliza, "Yule msichana alishakuja?" Mimi mzee wa miaka hamsini na sita najibu kama mtoto ambaye hakufanya kazi ya nyumbani: bado.

Tena usiniambie ni muda. Ungekuwa na muda mdogo kiasi hicho usingepanga miji mitatu. Najua ni nini. Unaogopa. Kwetu, mtoto aliyekosa mazishi ya mzazi haingii nyumba ya nduguye wala hali chakula chake kabla hajafika kaburini kulia. Unajua Mama anavyoshika mambo hayo. Ukaona afadhali upite kimya kuliko kufika ukazuiwa mlangoni na mama yako mzazi. Ungeniuliza! Ningekujibu kwamba sijui atafanya nini, lakini angalau tungekuwa wawili wasiojua. Badala yake umenifanya mwongo katika nyumba yangu mwenyewe, tena mwongo asiyeweza hata kuficha karatasi.

Jumatatu jioni Mama akatoka na ile programu, na kalamu nyekundu.

Mimi nilikuwa nimeandaa suluhisho, maana ndiyo kazi yangu siku hizi. Nikamwambia tutashuka Mombasa kwa treni siku moja kabla, tuchukue chumba Mtwapa, wewe uje hapo ule nasi.

"Chumba nikilipiwa na wewe ni nyumba yangu," akasema. "Hawezi kuvuka mlango wangu na hajamlilia baba yake."

"Basi getini mwa bandari, Mama."

"Nilimzaa. Sitamsalimia kwenye waya kama mfungwa."

Akaweka kidole juu ya picha ya Jumba la Mtwana.

"Hapa pana paa?"

"Hapana. Lilianguka zamani."

"Mwenyewe ni nani?"

"Serikali, Mama."

"Serikali si jamaa yetu. Milango je?"

"Ni nafasi tu za milango, Mama. Mbao zilishaisha."

Akafuata nafasi za milango kwa kidole. Ugali ulipoa. Kisha akasema, "Basi hapa si kwa mtu. Hapa naweza kumshika mkono."

Sikutegemea, na nikauliza kijinga kama kawaida: na kaburi, Mama? Akanitazama juu ya miwani. "La kaburi liko palepale. Ataenda Yala, na ataenda kwa miguu yake. Lakini nikingoja afuate utaratibu, atakuja kulilia makaburi mawili kwa safari moja."

Baada ya hapo akafanya hesabu zako. Saa tatu za kwenda Gede na foleni yake, saa tatu za kurudi, nusu saa ya kutoka melini, nusu saa ya kuogopa kuachwa. Zimebaki saa ngapi za miji mitatu? "Huyu ni mtalii ama ni askari wa doria?" Akapiga mstari juu ya Gede. Akapiga mstari juu ya Mnarani. Akapiga na juu ya maombi ya kufungua, akasema ataomba mwenyewe.

Kwa hiyo siku yako imepangwa upya, na mimi sina uwezo wa kuibadilisha. Mwololo atakuwa nje ya geti saa mbili na nusu na karatasi yenye jina lako. Wenzako wanne wakitaka Gede, gari lake la pili litawapeleka na watarudi salama, dereva awasimulie huyo mfalme mpaka wachoke. Wewe utaingia katika gari lake la kwanza. Linakwenda mahali pamoja tu, na Mwololo ameshaambiwa na Mama, si na mimi, kwamba hata ukilia hageuzi usukani.

Utamkuta ameketi kati ya yale magofu. Nitambebea kiti kutoka Nairobi, nimekwisha kuagizwa. Hakutakuwa na chakula, hilo amekataa. Jacklyne alimbembeleza siku mbili na alichopata ni chupa ya chai. Chai, anasema Mama, si chakula. Mtakaa mpaka saa tisa, halafu Mwololo atakurudisha melini. Mtazungumza nini sijui. Mimi nitakuwa mbali nikijifanya nasoma vibao vya historia.

Sasa sikiliza, na hapa sitanii. Unaweza kuingia gari lingine. Mombasa ina magari mengi, na hakuna atakayekushika nguo. Lakini Mama ataketi pale tangu saa tatu asubuhi na goti lake, na saa kumi na moja meli itaondoka, na mtu itabidi amwambie, "Mama, twende, haji." Mtu huyo si mimi, Mercyline. Nimeshamwambia Mama uongo mmoja kwa ajili yako, na ukweli huo sitausema kwa ajili yako pia.

Kwa hiyo usinijibu mimi. Usinitumie ujumbe, wala sauti, wala zile picha za maua. Mwandikie yeye. Sanduku la posta ni lile lile hapo juu, na Jumatano iliyopita aliniuliza kama nimepita posta, hata kabla barua hii haijatoka. Mwambie utakuja ama hutakuja. Sentensi moja inamtosha, mradi umeimaliza.

Omena nitakuletea. Usifikiri nimesahau, nimekasirika tu.

Nisalimie shemeji Lenox, na mpe pole kwa kubaki na nyumba wiki tatu. Wasalimie Awuor na Shaddy. Jacklyne anakusalimu sana na anasema hayuko upande wangu wala wako, yuko upande wa Mama. Sammy anakusalimu kutoka Kisumu. Mwololo naye. Mama amesoma barua hii yote, akafuta aya moja nilipokuita jina lisilofaa, na ameniagiza niongeze hili tu: siku hiyo uvae viatu vya kufunga kamba, chini kuna mawe.

Mungu akulinde kazini na baharini, na akufikishe pwani ukiwa na ujasiri wa kushuka.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata sasa hivi ambapo sitaki,

Dalmas