Mama, Usiushike Tena Mlango

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi karibu na dirisha, maana Wifi ameniambia ndiko unakoshinda tangu Kaka akuchukue kwake. Miguu inaendeleaje? Na usinijibu "vizuri tu" kama unavyojibu kwenye simu. Kwenye simu Kaka anaweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza, nawe unasema unakula vizuri, unalala vizuri, halafu unaniuliza kama huku kumenyesha. Tangu lini wewe na mimi tukawa watu wa kuulizana habari za mvua? Ndiyo maana nimeandika. Wifi amekubali kukupa barua hii mkononi, imekunjwa ndani ya gauni lake nililompunguzia kiuno. Usimlaumu. Ni mke wa mwanao, lakini macho anayo.

Sisi huku hatujambo. Mdogo anaota meno, na kila jino linatoka kwa kelele kana kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuota jino kabla yake. Kidomo naye anaanza kuongea kabla hajafumbua macho, na usiku namfunika huku akimalizia sentensi. Baba yao anakusalimu sana. Mimi ni mzima, ila usingizi. Juzi nilisinzia nimeshika kijiko cha uji, nilipozinduka nikakuta mtoto amejilisha mwenyewe, nywele zote uji. Nyumba yako naifungua na kuifagia. Cherehani nimeitia mafuta na kuifunika lile shuka la maua.

Sasa nikupe habari yenyewe, nayo ni ya Kobe.

Kaka aliniagiza nimwite mnunuzi wa vyuma chakavu aje alichukue gari lako. Alisema Kobe amezeeka, mlango wa dereva umening'inia, haufungi mpaka uuinue kwa mikono miwili kama unamnyanyua mgonjwa, na kwamba hata hivyo wewe hutaendesha tena, kwa hiyo linakaa la nini. Akaongeza kwamba wewe mwenyewe umekubali. Mama, hapo ndipo niliposhtuka. Ukubali Kobe auzwe kwa kilo? Kobe aliyebeba sare za shule ulizoshona, na sisi wanao tukiwa tumekalia marobota ya vitambaa, vichwa vinagonga paa?

Mtu wa vyuma alikuja kweli. Akalizunguka gari, akaligonga bodi kwa kidole kama anayechagua tikiti maji. Nikamwambia haliuzwi. Akasema bwana mkubwa ameshamwambia liko tayari. Nikamjibu kwamba bwana mkubwa hana gari hapa, mwenye gari ni mama yangu, na kama shida yake ni chuma, nina sufuria lililotoboka. Akaondoka akinung'unika. Sufuria alichukua.

Kesho yake nikamwacha mdogo kwa jirani, nikamweka Kidomo kiti cha nyuma, nikaufunga ule mlango kwa kamba niliyoipitisha dirishani hadi kwenye kiti, tukaenda. Nikaendesha polepole kama ulivyonifundisha, watu wananipigia honi, nami nawapungia mkono. Nilikwenda kwa yule fundi bodi wa nyuma ya duka la mbao, yule tunayemwita Haraka kwa sababu hana.

Haraka akausukuma mlango, ukagoma, akacheka. Akasema ni kazi ndogo, atakishusha kidogo kile chuma cha kwenye nguzo ya mlango kinachonaswa na kitasa, kikutane na mlango huko huko ulikoangukia, nami niende zangu. Nikakataa. Nikamweleza kwamba mama yangu ni fundi cherehani, na gauni likiletwa limelala upande mmoja hakati pindo. Unakumbuka nilivyokuwa nakimbilia mkasi, nawe unanipiga kikofi cha mkono na kunionyesha bega? Gauni linaning'inia chini, lakini mshono uliolegea uko juu. Haraka akaniuliza kama nimekuja kutengeneza gari au kushona. Nikamwambia vyote viwili. Akasema basi fundi mwenzangu, nionyeshe.

Nikaufungua mlango wote, nikaushika mwishoni, nikauinua. Ukapanda na kushuka mkononi mwangu, na bawaba ya juu ikawa inagonga, ko, ko. Haraka akainama, akatazama, akakuna kichwa. Akakiri kwamba pini ya bawaba imekula bushi zake, zile pete inamozungukia. Lakini akasema hiyo ni kazi ndefu, ana gari la mtu liko juu ya mawe na mwenyewe ana hasira za karibu, kwa hiyo nikitaka iishe leo nishike spana mwenyewe. Nadhani alitegemea nitaaga. Mimi nikapandisha mikono ya blauzi.

Tuliweka jeki chini ya mlango, na juu ya jeki kipande cha ubao nilichokizungushia matambara ili rangi isichubuke. Haraka akasema kabla ya kulegeza boliti yoyote lazima tuchore mahali bawaba ilipokaa, la sivyo kuirudisha ni kubahatisha. Akaanza kutafuta penseli, mara mfukoni, mara sikioni. Mimi nikatoa chaki yako ya kushonea, ile ya bluu, bado iko kwenye mkoba wangu, nikaizungushia bawaba mstari kama ninavyozungushia bega la karatasi ya kukatia nguo. Akaniazima glavu zake.

Bawaba ilipotoka, pini ilikuwa imekonda katikati kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Haraka akazigonga bushi za zamani zikatoka, akaweka mpya na pini mpya, akapaka grisi. Mimi nikairudisha kwenye mstari wa chaki, nikakaza, nikashusha jeki nikiwa nimebana pumzi. Mama, mlango haukushuka. Nikausukuma kwa kidole kimoja tu, ukafunga, kwap, kama mtu aliyemaliza maneno yake. Haraka aliufungua na kuufunga mara kadhaa bila sababu yoyote, anausikiliza tu.

Kisha akaniuliza nani anauning'inia mlango ule. Alisema mlango hauchakai namna hiyo kwa kufunguliwa tu, kuna mtu anaubebesha uzito wake, na asipoacha, bushi hizi nazo zitakwenda zilikokwenda zile. Nikamjibu kwamba ni watoto. Si ndivyo tulivyosema sote? Si Kaka alisimama sebuleni kwako akatangaza kwamba ni Kidomo anabembea, mtoto akapigwa marufuku hata kulisogelea gari?

Kidomo alikuwa amekaa juu ya tairi anakula ndizi. Akasema si yeye, ni Bibi. Akaeleza mambo yote pale pale, mbele ya fundi, kwamba Bibi akitaka kushuka anaushika mlango kwa juu, anajivuta, anarudi kukaa, anapumua, anajivuta tena, na akishasimama anampa peremende na kumwambia hiyo ni siri ya wao wawili. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile anasingiziwa. Akasema siku ile bado alikuwa na peremende. Sasa zimeisha.

Haraka akakohoa, akakumbuka ana kitu cha kutafuta huko ndani.

Nami nikakaa kwenye kiti chako, nikatazama juu ya fremu ya dirisha, upande wa ndani. Kuna mikwaruzo, Mama. Midogo, imesongamana mahali pamoja. Ni kastabini yako, ile kofia ya chuma ya kidole unayosahau kuivua ukitoka kwenye cherehani. Nikaweka mkono wangu pale pale. Kumbe miguu ilianza kukukatalia zamani, kabla hujaanguka pale dukani, nawe ukawa unatuchekea, unatupikia, unatushonea, na kushuka tu kwenye gari ni vita. Nililia kidogo. Halafu nikakasirika, na hasira hizo ndizo zinazonishikia kalamu sasa hivi.

Nimekukasirikia kwa sababu mimi ni mwanao na ulichagua kumwambia mtoto wa chekechea. Lakini najua kwa nini. Ulijua ukisema tu, utachukuliwa ukakalishwe. Na kweli, ulipoanguka ukachukuliwa ukakalishwa.

Kaka nimeshamwambia, sikujificha. Nimempigia, nikamwambia Jumamosi nakuja kumchukua Mama. Akauliza kwa gari gani. Nikamwambia kwa Kobe. Akacheka, akasema mlango utadondoka njiani. Nikamwambia aje aufungue mwenyewe akiweza kuudondosha. Akasema Mama hata ngazi hawezi kushuka. Nikamuuliza, ni nani aliyempa mgonjwa wa miguu chumba cha juu? Kisha akasema mimi ni mdogo, sijui uzito wa kuuguza. Mama, mimi sijalala tangu jino la kwanza. Uzito naujua, na nimeupima. Sisemi Kaka hakupendi. Anakupenda kama anavyovipenda vile vikombe vya kabatini visivyonywewa chai.

Baba watoto nimemwambia tunahamia kwako, chumba cha nyuma. Akauliza kama anaulizwa au anaarifiwa. Nikamwambia anaarifiwa. Akaenda kufungua boliti za vitanda. Cherehani yako tumeiwekea gurudumu la mkono, hutakanyaga tena, na Kidomo amejipa kazi ya kuzungusha na kupokea wateja kwa maneno. Wateja wako wanauliza utarudi lini, na mmoja ana gauni la harusi ambalo hataki mtu mwingine aliguse. Nami hajaniamini.

Najua utakachosema. Utasema hutaki kuwa mzigo, nina watoto wadogo, nimechoka. Nimechoka, ndiyo. Lakini naomba unisikilize: uchovu wangu ni wangu, usiutumie kama sababu yako. Nikichoka nikiwa na wewe pembeni, angalau kuna mtu wa kunishikia mtoto akiwa amekaa.

Jumamosi asubuhi nitapiga honi langoni. Wifi atakushikia mkono mmoja ngazini, mimi wa pili, na tutashuka kwa kukalia kila ngazi ikibidi. Kaka akitaka kusimama atutazame, asimame, ila asiwe katikati ya njia.

Ukifika kwenye gari, usiushike tena mlango. Juu ya nguzo, upande wako wa dereva, utaona kitanzi. Nimekishona kwa mkanda wa turubai, mikunjo minne, kwa uzi ule mzito wa mabegi, kwenye cherehani yako, na Haraka amekifunga kwa boliti kwenye chuma kizima. Nimening'inia mimi mwenyewe, na baba watoto baada yangu, hakikutikisika. Hicho ndicho cha kushika, waziwazi, mbele ya watu wote. Jivute, kaa, pumua. Kisha ufunge mlango mwenyewe, kwa kidole kimoja, uusikie, kabla hujasogea kiti cha pembeni ili mimi niendeshe.

Kama ukishausikia bado unataka kubaki, utaniambia humo humo ndani ya gari, tukiwa wawili, bila simu ya mtu. Nitakubali. Lakini kwanza uusikie.

Wajukuu wanakubusu mikono. Kidomo anasema uje na peremende, kwa kuwa ana siri nyingine. Mungu akulinde mpaka nikuone.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Mama Kidomo