Mtani Aliyechelewa Mazikoni

Athumani, mtani wangu,

Ninakuandikia kutoka chumba kilekile cha Temeke, kile ulichosema kina mlango mbaya kuliko yote uliyowahi kuiona, ukaung'oa na kuniletea mwingine begani kutoka Keko bila hata kuniuliza. Vitu vyangu nimeshavifunga. Wiki ijayo napanda meli kurudi chuoni Uingereza, kumalizia digrii yangu ya pili. Nimeona nisiondoke kabla ya kuzungumza nawe, kwa sababu hatukuagana kama inavyopasa.

Nilipofika huku na karatasi zangu, nikiuliza watu waliohamia mjini wanaishi vipi mbali na koo zao, na nani huwasimamia wakiugua au wakifa, hakuna aliyenijibu. Nilivaa tai, nilikuwa na kalamu, na kila nyumba ilidhani nimetumwa na serikali. Wanawake waliniambia wenye nyumba hawapo, na wenye nyumba walikuwa nyuma yao wakinywa uji. Wewe ulikuwa karakanani Keko, unapiga randa mguu wa kitanda. Ukaniuliza kabila langu. Nikasema mimi Mnyamwezi, kwetu Tabora. Ukaiweka randa chini, ukaniangalia toka juu mpaka chini, ukasema, "Kumbe mpagazi wangu. Mzigo wa babu yangu umeutupa wapi?"

Nilikuwa sijatukanwa kwa miaka miwili, Athumani. Kule chuoni wananiheshimu sana. Wananipisha mlangoni, wananiuliza habari za hali ya hewa ya kwetu, kisha kila mtu anakwenda zake. Nilipokusikia ukinitukana, nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Nikakujibu kwamba Mzaramo hajui mzigo, anajua kungoja nazi idondoke. Mafundi wote wakaacha kazi kusikiliza. Tangu siku hiyo ukanizungusha nyumba hadi nyumba, na kila mlangoni ukasema lilelile: "Huyu mtumwa wangu. Mjibuni, asije akarudi kwao analia." Wakanijibu. Ukanifundisha nisishike karatasi mbele ya mtu aliyefiwa. Kazi yangu yote imesimama juu ya mgongo wako.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Jioni ile kabla sijasafiri nilikukuta unachechemea. Ukasema ni msumari tu, umeingia unyayoni na umeshautoa. Nilikwambia uende hospitali. Nilikwambia mara moja, Athumani, tena nikiwa nimesimama, mawazo yangu yakiwa kwenye basi la asubuhi. Mwalimu wangu alikuwa amefika Nairobi, akaniita nikasome sura yangu ya tatu mbele ya wataalamu. Ukanisukuma kidogo na kusema, "Nenda bwana, utanikuta." Nikaenda.

Mkeo, shemeji Zainabu, alinihadithia niliporudi, baada ya majuma matatu. Alisema taya zako zilikaza, ukawa huwezi kumeza hata maji. Wakakupakia kwenye mkokoteni wa mbao hadi hospitali, na daktari akasema ni pepopunda, mmechelewa. Ulikaa siku nne. Alinisimulia hayo kwa sauti ya chini kabisa, akipepeta mchele, bila kuniangalia. Kisha akasema, "Tulikungoja, shemeji. Wazee walitaka kumzika asubuhi, nikawaomba wangoje mpaka alasiri. Nilisema mtani wake atakuja."

Nikamuuliza siku. Akaitaja. Nilikuwa nimesimama katika ukumbi wa Nairobi, nimevaa suti ya kuazima, nikisoma kwa sauti yale niliyoyaandika kwa maneno yako mwenyewe: kwamba mtani ndiye anayewachekesha waliofiwa, ndiye anayelala kaburini akakataa kutoka mpaka wamwombe, na kwamba katika mji huu ambamo ndugu wako mbali, mtani hakosi mazikoni. Walinipigia makofi. Mzee mmoja alinishika mkono akasema nimeandika jambo la maana sana. Wewe hukuwa na mtu wa kulala kaburini kwako.

Baada ya hapo Keko ilinifungia milango, na safari hii nilijua sababu. Hakuna aliyenisema vibaya. Waliniita "bwana". Nilipita karakana yenu kila siku, mafundi wakanisalimu kwa adabu na kuinamia misumeno yao. Nilirudi hapa chumbani nikaandika kurasa nyingi zisizo na kosa hata moja, lakini hapakuwa na mtu wa kumsomea.

Siku ya arobaini yako nilikwenda. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mtihani wowote. Nilizungusha kitambaa nikatengeneza kata ya kichwani kama wapagazi wa babu zangu, nikabeba gunia la mchele, nikaja nalo kichwani mpaka kizingitini kwenu. Watu walikuwa wamejaa uani. Nikasema, "Mzigo wa babu yenu nimeuleta. Huyo Mzaramo mvivu yuko wapi aupokee?"

Nilitamani ardhi inimeze. Zainabu aliinama. Kisha mama yako, Bi Mwajuma, akajikongoja kutoka mkekani, akanisogelea na kunitazama usoni kwa muda mrefu. Akasema, "Umechelewa, mtumwa. Mwenzio alikungoja mpaka jua likapinduka." Nikamwambia, "Najua, mama." Akasema, "Basi utachota maji ya shughuli yote. Na viatu hivyohivyo."

Nikachota. Madebe mawili mawili kwenye mti begani, kutoka bombani mpaka uani kwenu, kutwa nzima. Wanawake bombani walinipisha mstari wakinizomea, wakasema Mwingereza angeona digrii yake inavyochuruzika. Viatu vikajaa matope. Mahali fulani katika safari zile nilianza kulia na sikuweza kuacha, na kwa kuwa nilikuwa nimelowa mwili mzima hakuna aliyetambua, ila Zainabu. Alinipokea debe akasema, "Angecheka sana, shemeji." Kisha akalia na yeye.

Wamenisamehe, nadhani. Wananitukana tena. Lakini wanatukana kwa niaba yako, na kila tusi linanionyesha pengo. Jana mafundi walinipa stuli ya kukalia, na nilikaa pale mpaka wakafunga, nikisubiri mtu aniulize kitu cha kipuuzi.

Ile sentensi niliyoisoma Nairobi nimeifuta. Nimeandika kwamba mtani wakati mwingine hukosa mazikoni, si kwa kukosa upendo, bali kwa kuandika habari za upendo huo mahali pengine. Mwalimu amenirudishia kwa barua, amesema hiyo si lugha ya kitaalamu na kwamba sina ushahidi wake. Nimemjibu kwamba ushahidi ninao na sitautoa. Akinikatalia digrii kwa hilo, na anikatalie.

Kwaheri, Athumani. Pumzika, na mguu wako usikuume. Nakuahidi jambo moja, kwa kuwa mengine ni maneno tu: mama yako ni mzee, na siku yake ikifika, popote nitakapokuwa, nitaacha ninachokisoma katikati ya mstari na kuja. Nitaingia kaburini mwake na kulala, na ndugu zako watanibembeleza sana kabla sijatoka.

Mtumwa wako,
Kasimiri