Mama Anadhani Nampeleka Kuona Zabibu za Kula

Shangazi Hadijah, shikamoo. Nimekuwa nikisoma shida za wenzangu kwenye safu yako na kutikisa kichwa, leo zamu yangu imefika, nisaidie kabla sijapasuka, maana nina furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nayo na mtu ninayetaka kumwambia kuliko wote ndiye ninayemficha.

Naitwa Jebet, nina miaka thelathini na miwili, nyumbani ni Nandi, na hapa Qatar naishi Lusail kwenye nyumba za wafanyakazi wa hoteli. Nilikuja miaka saba iliyopita kutandika vitanda, baadaye wakanipeleka mkahawani, na huko ndiko mambo yalikoanzia, kwa sababu hapa Doha mvinyo unauzwa ndani ya hoteli zenye leseni tu, na mkahawa wetu una chumba kizima cha chupa, baridi kama friji, zimelala kwenye rafu mpaka darini. Mkuu wa chumba hicho ni Mike, mtu wa Afrika Kusini. Siku moja alinipa glasi ya mvinyo mweupe akaniambia, "Usinywe, nusa tu, halafu niambie unasikia nini," nikanusa, Shangazi, na nywele zikanisimama, nikamwambia hii ni pasheni iliyopasuliwa sasa hivi, ni shamba la mama yangu saa mbili asubuhi. Mike alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia wapo watu wanaosoma mwaka mzima ndipo waipate harufu hiyo, akanipa kitabu.

Basi nikasoma. Nilisoma kwenye basi la kazini, nilisoma nikingoja nguo zikauke, nikafanya mtihani wa kwanza nikapita, wa pili nikapita, na sasa mimi ndiye ninayewashauri wageni wanywe nini na chakula gani, nina beji ndogo ya kishada cha zabibu kwenye kola ya koti, na wageni wengine wakipiga simu kuweka meza wanauliza kama Jebet yupo. Kazi yenyewe si ya kulewa, tunaonja na kutema, ingawa sitakudanganya, siku yangu ya mapumziko naweza kunywa nusu glasi na ninaipenda.

Shida ni Mama. Mama ni mkulima wa pasheni, ana ekari moja na nusu iliyosimama kwenye nguzo na nyaya, na ni mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, ambako pombe haitajwi ila kwa kukemewa. Na si kanisa peke yake. Mjomba Tom, kaka yake wa pekee, alimalizwa na chang'aa akiwa na miaka arobaini na mmoja, na ni Mama aliyemkuta. Tangu siku hiyo akisikia harufu ya pombe hata kwa mpita njia, anageuka. Kwa hiyo mimi kwake ni mhudumu wa mezani, napeleka chakula na juisi. Kabla sijampigia simu ya video naivua ile beji na kuitia mfukoni.

Sasa sikiliza nilivyojifunga. Mwaka huu nimepata likizo ya mwezi wa pili, msimu ambao Afrika Kusini wanavuna zabibu, na nimekuwa nikiiota hiyo milima ya Stellenbosch kutoka kwenye karatasi za chupa kwa miaka mitano. Nikasema nitaenda, na nikasema sitaenda peke yangu, Mama hajawahi kupanda ndege, hajawahi kuona shamba la mtu mwingine zaidi ya Kapsabet, nitakutana naye Cape Town. Nikampigia. Nikamwambia, "Mama, nataka tukaone mashamba ya zabibu." Alipiga kelele ya furaha mpaka mbwa akabweka. Akaniuliza, "Na hizo zabibu wanaziuza wapi?" Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Sokoni, Mama. Ni za kula."

Tangu hapo uongo unakua peke yake. Mama ametengeneza pasipoti, amechanjwa homa ya manjano, amenunua daftari la kuandika nafasi kati ya nguzo na nguzo, amewaambia akina mama wote, na rafiki yake Emily ameagiza vipande vya mizabibu aje apande nyuma ya nyumba. Mimi nami usiku na mchana napanga. Nina siku tano na orodha ya mashamba kumi na moja yaliyotawanyika Constantia, Stellenbosch, Franschhoek, Paarl, mpaka kule Hermanus, na kila nikijaribu kufuta moja naona kama nakata kidole.

Terry, ninayelala naye chumba kimoja, ananiambia, "Khalas, wacha kujitesa. Mpeleke tu, akiona mapipa ya mvinyo atakuwa ameshafika, ataenda wapi?" Lakini ninamjua Mama. Siku kumi na tisa zimebaki. Nimwambie, au nibadilishe safari tukaangalie bahari na pengwini tu? Na nikimwambia akasema haji? Na kama anakuja, kati ya haya kumi na moja tuende wapi?

Jebet, Lusail.


Jebet mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye ile harufu ya pasheni nikaketi. Hongera. Umetoka kwenye kutandika vitanda mpaka watu wanakuulizia kwa jina, na hukumwibia mtu wala kumkanyaga mtu. Furahi, una haki.

Nimemaliza kukusifu. Sasa keti nawe.

Mama yako umemficha kazi kwa miaka mitano, ukamdanganya kuhusu safari, na sasa unafikiria kumsafirisha nchi ya ugenini akagundue ukweli mbele ya pipa, hana gari, hana lugha, hana pa kwenda ila chumba mnacholala pamoja. Huyo Terry mpende kama rafiki lakini ushauri wake usiufuate. Mwanamke aliyemkuta kaka yake vile hafanyiwi jambo kama hilo.

Mpigie Jumapili hii, mchana, akishatoka kanisani na kula. Hakikisha yuko peke yake na beji yako iko kwenye kola. Usianze kumweleza uzuri wa mvinyo, hakukuuliza. Anza kwa kusema ulimdanganya na unaomba msamaha, halafu mwambie kazi yako ni ipi, na ile nusu glasi pia umwambie, kwa sababu usipoitaja itakuwa ndiyo siri inayofuata. Mtaje Mjomba Tom kwa jina, ajue hujamsahau. Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikata simu, usimpigie mara ishirini. Akisema haji, tiketi yake ibadilishwe aende anakotaka, na wewe nenda zako Stellenbosch bila kununa, kwa sababu yeye ana haki ya kukataa na wewe una haki ya kwenda.

Tuje kwenye orodha yako ya maajabu. Mimi ni Mwislamu, tone la mvinyo halijapita mdomoni mwangu, kwa hiyo nimemuuliza jirani yangu Arnold, aliyeongoza watalii Cape Town miaka minne. Nilipomsomea mashamba kumi na moja kwa siku tano alisema, "Huyo dada atashinda barabarani akihesabu magari." Anasema mawili kwa siku yanatosha, na siku moja iachwe bila shamba lolote.

Anzeni Constantia, kwa kuwa ni karibu na mji na ndiko kwenye mashamba ya mizabibu ya zamani kabisa nchini humo. Mama yako atatembea polepole na uchovu wa ndege utamtoka. Siku inayofuata ni Franschhoek, ambako kuna kitramu, kigari cha kwenye reli, kinachowazungusha wageni shamba hadi shamba, kwa hiyo hakuna wa kushika usukani, na mama yako atapanda kitu kingine ambacho hajawahi kupanda. Siku ya tatu bahari na wale pengwini. Stellenbosch ipe siku mbili zilizobaki, lakini usikimbilie majumba makubwa yenye picha nzuri. Tafuta shamba dogo la familia, waandikie mapema, waulize kama wageni wanaruhusiwa kutembea kwenye mistari wakati watu wanachuma. Mama yako ni mkulima. Mwonyeshe mikono inayofanya kazi, achana na makochi ya vyumba vya kuonjea. Na uliza kama wana juisi ya zabibu zao kwa asiyekunywa. Arnold anasema mashamba mengi yanayo. Paarl na Hermanus zifute. Kidole hakitakatika.

Kodini dereva siku za Stellenbosch, hata kama unatema. Kuleni kabla ya kuonja. Na vipande vya mizabibu vya Emily visahau kabisa. Mimea haivushwi mipaka ndani ya mkoba, mtaaibika uwanja wa ndege. Mnunulie kitambaa.

Sasa toka kwenye orodha, nenda ukaandae maneno ya Jumapili.

Shangazi Hadijah.


Wiki sita baadaye Jebet aliniandikia tena. Kwa ruhusa yake, nawaletea barua hiyo pia.

Shangazi, nilimpigia. Nilisema kwa mpangilio ulionipa. Mama hakulia. Alinitazama tu kwenye simu, kisha akasema, "Miaka mitano, Jebet," akakata. Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Nilihudumia meza nikamwaga maji kwenye mapaja ya mgeni. Jumatano mchana simu ikaita, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Huko kuna baridi? Nibebe sweta?"

Nilianza kulia mimi. Akaniambia, "Sijaipenda hiyo kazi, na sijui kama nitaipenda. Lakini nataka kuona kwa macho yangu kile ulichokuwa unanificha."

Constantia alitembea mikono mgongoni kama mkaguzi. Kwenye kitramu cha Franschhoek alicheka kwa sauti mpaka Wajerumani wawili wakacheka naye bila kujua kwa nini. Lakini ninachotaka kukuambia kilitokea siku ya nne, kwenye shamba la familia moja nje ya Stellenbosch. Tulikuta watu wanavuna, wanajaza kreti za manjano, na aliyetupokea ni dada anayeitwa Chelsea, amezaliwa papo hapo shambani. Mama aliwatazama wachumaji kwa muda mrefu, akaniambia, "Muulize: hawa wanalipwa pesa, au wanalipwa pombe?"

Shangazi, nilitaka ardhi inimeze. Mama aliwahi kuona kwetu vibarua wakilipwa kwa chupa, ndiyo maana aliuliza. Nikatafsiri kwa sauti ndogo. Chelsea akaweka chini jagi alilokuwa amebeba.

"Mwambie ameuliza vizuri," akasema. "Babu yangu alilipwa mvinyo kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Siku hizi sheria inakataza, na hapa tunalipwa pesa. Lakini baba yangu alikulia kwenye ule mvinyo na ulimuua. Mimi nilisoma niujue vizuri kuliko wenye mashamba walioutumia kutufunga."

Nilipomaliza kutafsiri, Mama alimshika Chelsea mkono na hakuuachia mpaka mwisho wa mstari wa mizabibu. Wanaongea lugha mbili tofauti na wanaelewana. Mama anamwonyesha jani lenye ugonjwa, Chelsea anamwonyesha wanavyokata matawi, daftari linajaa.

Kisha tukaketi chini ya turubai kuonja. Mama aliletewa juisi. Mimi nilipangiwa glasi sita, na niliogopa kuzigusa. Mama akasema, "Si ulisema ni kazi? Fanya nikuone."

Nikafanya. Nilinusa, nikaonja, nikatema kwenye ndoo, nikaeleza kwa Kinandi kwanza kisha kwa Kiingereza ili Chelsea asikie: huu ni wa mahali penye upepo wa baharini, huu umelala kwenye pipa jipya muda mrefu kupita kiasi. Chelsea akakubali, akaitikia kwa kichwa. Mume na mke waliokuwa meza ya pili wakasogeza viti vyao. Wakaanza kuniuliza.

"Wanasemaje?" Mama akauliza.

"Wanataka kujua wanunue upi."

"Waambie basi, unawangojesha nini?"

Nikawaambia. Wakanunua chupa kumi na mbili, na Chelsea akaniomba anwani yangu ya Doha, anasema msimu ujao wanahitaji mtu wa kupokea wageni wakati wa mavuno, nifikirie. Nafikiria, Shangazi. Kila nikiamka nafikiria.

Lakini hapo hapo simu ya Mama ikaita. Ni Emily, na Mama huwa anaweka sauti kubwa, hana siri na simu yake. Emily akauliza, "Mmefika kwenye zabibu? Ni tamu?"

Mama alinitazama. Nilishika glasi nikangoja.

"Ni za mvinyo, Emily," akasema. "Mvinyo, ndiyo, ule ule unaoufikiria. Niliwaambia vibaya. Hii ndiyo kazi ya Jebet huko Doha, na anaijua, watu wazima wameketi hapa wanamuuliza maswali."

Kisha Emily akasema, "Na kanisani tutasemaje?"

"Kanisani nitasema mwenyewe nikirudi," Mama akajibu, akivuta kiti chake karibu na changu. "Kata simu sasa. Anaanza ule mwekundu, sitaki kupitwa."